Puti Haifiki Katesh

Kuna njia mbili za kufungua gereji ya bodi. Ya kwanza ni kwenda Babati au Arusha na fedha ya mavuno, ukanunua kompresa, bunduki ya rangi, mashine ya kuchomelea na makopo ya puti, kisha ukarudi na kuandika kwenye ubao kwa herufi nyekundu: TUNANYOOSHA NA KUPIGA RANGI. Ya pili ni kushika nyundo ya mtu mwingine kwa miaka, mpaka sikio lako lizoee sauti ya bati. Mjini njia zote mbili zinamlisha mtu. Huku Gehandu, ile njia ya kwanza huchoka mapema, na kinachoichosha si uhaba wa wateja.

Mkoani Manyara jina Gehandu utalikuta upande wa Mbulu, na upande wa Hanang utalikuta pia. Kote habari ya barabara ni ileile. Lami kubwa ya kutoka Singida kwenda Babati inapita Katesh, chini ya mlima Hanang wenye kimo cha zaidi ya mita 3,400. Ukiiacha lami hiyo tu, unaingia kwenye changarawe, rasta na makorongo: kiangazi vumbi, masika utelezi. Noah inayobeba abiria na magunia yao ya vitunguu saumu, Canter ya mbaazi, Land Cruiser ya zamani inayopeleka ng'ombe mnadani, zote hutikiswa mpaka boliti zinajifungua zenyewe.

Sasa weka puti nene kwenye mlango wa gari kama hilo. Puti ni plastiki iliyogandishwa juu ya chuma. Chuma kinacheza, yenyewe haichezi. Wiki za mwanzo mlango unang'aa na mwenye gari anaona amepata fundi wa bei nafuu. Halafu unatokea ufa mwembamba, maji ya mvua yanapata mlango wa nyuma, kutu inaanza kazi yake gizani, na siku moja kwenye rasta kipande kizima kinadondoka na rangi yake. Ningekuwa mimi ndiye mwenye gereji huku, ubao wangu ungesema neno moja tu: puti haifiki Katesh.

Hiki ndicho kinachonifanya niisifu kazi hii katika sehemu kama hii kuliko ninavyoisifu mjini. Dar es Salaam, gari lililojazwa puti linaweza kuuzwa kabla ufa haujatokea, likaenda Mbeya au Mwanza, na fundi asilione tena maishani. Gehandu gari halina pa kujificha. Fundi na mteja wake wanakutana mnadani, wanakutana ibadani, wanakutana msibani, na lile tobo mlangoni limeegeshwa hapo nje kila mtu analiona. Barabara ndiyo inayokagua, majirani ndio wanaosambaza matokeo. Fundi anayefungua gereji mahali pa namna hii analazimika kuwa mkweli hata kama hakuzaliwa mkweli.

Ukweli wenyewe unaanzia wapi? Kwenye kuelewa bati. Bati la bodi ya gari la abiria halifiki unene wa milimita moja. Kiwandani lilikandamizwa kwa mashine kubwa likapewa mikunjo yake, na mikunjo hiyo ndiyo inayolipa nguvu. Gari likigongwa, bati halibonyei kwa namna moja. Pale lilipokunjika mkunjo mkali, chuma kimekuwa kigumu kuliko kilivyotoka kiwandani. Pembeni ya hapo kuna eneo pana lililofuata tu, halikuumia, limeshikiliwa na ule mkunjo. Mwanagenzi anaona shimo, anaanza kupiga katikati ya shimo. Fundi anatafuta mkunjo. Anaulegeza kwanza, kidogo kidogo, kuanzia ulikoishia kurudi ulikoanzia, kinyume cha safari ya ajali yenyewe, na mara nyingi lile eneo pana linarudi lenyewe kwa mlio mmoja: tob! Nimewahi kuona mzee mwenye gari akicheka kwa furaha kusikia mlio huo, akidhani ni uchawi.

Kwa nyuma ya bati fundi ameshika kipande kizito cha chuma, chenye uso uliosuguliwa hadi ukalainika. Kwa mbele ana nyundo nyepesi. Akipiga juu ya kile chuma moja kwa moja, bati linabanwa katikati na kutanuka. Akipiga pembeni yake, kilichoinuka kinashuka na kilichoshuka kinainuka kwa pigo moja. Tofauti ya mapigo hayo mawili ndiyo nusu nzima ya elimu, na haionekani kwa macho. Inasikika. Pigo linalotanua lina mlio mkali, pigo linalosawazisha lina mlio uliofifia. Ndiyo maana fundi mzuri hapendi redio kubwa gerejini wakati wa kunyoosha. Wakati wa kusugua msasa, fungulia tu.

Bati likitanuka kupita kiasi linakuwa na tumbo: ukilibonyeza linaingia, ukiliachia linatoka, na halitulii. Hapo nyundo pekee haina dawa. Fundi anachukua moto wa gesi, anapasha doa dogo, dogo kama sarafu, mpaka liwe jekundu, anagonga kingo zake haraka, kisha anabandika kitambaa kilicholowa maji. Lile doa linajikusanya, na kwa kujikusanya linavuta bati lote la jirani. Akikosea ukubwa wa doa, mlango mzima unapinda. Baada ya hapo ndipo puti inapata haki ya kuingia, tena ile nyembamba ya milimita moja au mbili, kuziba makovu ya nyundo. Wateja wanaouliza "Fundi, si ungepaka puti tu tumalize?" wanapewa jibu la adabu, maana mteja ni bosi, lakini kazi inaendelea vilevile.

Nchi hii ina historia ya watu wanaoishi kwa kusikiliza chuma. Miongoni mwa Wadatoga, ambao Wabarabaigi wa Hanang ni sehemu yao, kuna ukoo wa wahunzi, Gidang'odiga, ambao kwa desturi hawaoani na koo nyingine. Kwa viriba vya ngozi na mkaa wanayeyusha kufuli zilizokufa na mabomba mabovu ya shaba kutengeneza bangili, na misumari wanaigeuza kuwa vichwa vya mishale, bidhaa ambayo Wahadzabe wa upande wa Ziwa Eyasi wameinunua kwao kwa muda mrefu. Kutoka chuma kilichotupwa kupata kitu kinachohitajika: hiyo ndiyo biashara ya bodi pia, ila ukoo wa gereji hauulizi umezaliwa na nani. Nasikitika kidogo kwamba hakuna anayewaita wahunzi hao kuwafundisha vijana wa gereji jinsi ya kusoma rangi ya chuma motoni. Wanaijua bila kipimajoto.

Halafu ikaja ngano. Kuanzia miaka ya 1970, shirika la serikali la NAFCO, kwa msaada wa Kanada, lilifungua mashamba makubwa katika nyanda za Hanang, Basotu na Mulbadaw yakiwamo, takribani ekari 100,000 kwa jumla. Wabarabaigi walipoteza malisho yao bora, na kesi ya Mulbadaw ya miaka ya 1980 bado inasomwa na wanafunzi wa sheria. Siwezi kuyasifu mashamba yale. Ila matrekta na mashine za kuvuna zilihitaji watu wa kuchomelea, kunyoosha na kuunda upya vipuri ambavyo vingechukua miezi kufika kutoka ng'ambo. Mashine hazikujua kusubiri, mvua nayo haikusubiri, na aliyekuwa karibu na spana alijifunza.

Turudi kwa kijana anayetaka kufungua leo. Kiwanja atafute cha mwinuko kidogo, mbali na korongo, na asifuate kando ya barabara kwa tamaa ya kuonekana, maana vumbi la kila Fuso inayopita litatua kwenye rangi mbichi. Umeme umefika vijijini, na gharama ya kuunganishiwa ilishushwa hadi shilingi 27,000, lakini huo ni wa njia moja. Mashine ndogo ya kuchomelea itafanya kazi, ingawa taa za majirani zitafifia na wao watakuja kusalimia kwa sura ya kutosalimia. Kompresa kubwa inataka njia tatu, na hiyo ni hesabu nyingine. Mimi ningeanza na nyundo, jeki, mnyororo, mti imara wa kufungia, na mtungi wa oksijeni na wa gesi. Kompresa ingesubiri gari la kumi. TIN ya TRA na leseni ya halmashauri zisisubiri. Na ule mkopo usio na riba unaotoka kwenye asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambako vijana wametengewa nne, hutolewa kwa vikundi; bila kikundi atausikia redioni tu.

Rangi ina mambo yake huku juu. Mbulu ni baridi, na Julai asubuhi ni ukungu mtupu. Puti inayokauka upesi Dar es Salaam hapa inakaa laini, na mwenye haraka anaongeza dawa ya kugandisha. Anachopata ni doa la manjano linalopenya mpaka rangi ya juu. Rangi ya kukauka haraka ikipigwa kwenye ukungu inanasa unyevu na kugeuka kama imemwagiwa maziwa. Ukisubiri jua likolee, upepo unaamka na vumbi. Basi kuna dirisha dogo, tuseme saa tatu hadi saa tano asubuhi, ukungu umeondoka na upepo bado umelala. Fundi anayelijua dirisha hilo anamwagia sakafu maji, anafunga milango ya banda, na hapokei simu. Barakoa ya kitambaa haimsaidii. Rangi za kuchanganya na kigumishi zina isosayaneti, kemikali inayoweza kumpa mtu pumu ya maisha, na kinyago chenye vichujio vya kemikali kinastahili kununuliwa kabla ya bunduki ya pili.

Kuhusu kulinganisha rangi, kibao kidogo ndani ya boneti au kwenye nguzo ya mlango wa dereva kina jibu. Kwenye Toyota, 040 ni nyeupe, 202 ni nyeusi. Lakini nyeupe iliyopigwa jua la Hanang miaka 15 si 040 tena, na hapo fundi anarudi kwenye jicho: tone la njano, tone la nyeusi, jaribio kwenye kipande cha bati, kulitoa nje juani, kurudi.

Fedha huku ina majira. Wengi wana bima ndogo tu, ile inayomlipa mtu mwingine, hivyo mlango uliobonyea unalipwa kutoka mfuko uleule unaonunua mbolea. Januari ni kilio. Baada ya mavuno watu wanakuja na magari yaliyofungwa kamba mwaka mzima. Gereji inayodumu ni ile inayokubali kufanya kazi kwa awamu: leo tunyooshe nguzo ili mlango ufunge na vumbi lisiingie kwa abiria, rangi tutapiga mbaazi zikiuzwa. Kuna mteja haji kabisa kupiga rangi, na gari lake linazunguka na doa la kijivu la praima kwa misimu miwili. Fundi asione haya. Bati chini ya doa lile limenyooka.

Tarehe 3 Desemba 2023 tope na mawe vilishuka kutoka mlima Hanang vikaingia Katesh na vijiji vya jirani, vikaua zaidi ya watu 80. Magari nayo yalifukiwa. Gari lililotolewa kwenye tope linadanganya: linaoshwa, linang'aa, linaonekana limepona, kumbe ndani ya mihimili ya chini ya milango, mahali palipo wazi kama bomba, tope limekaa na linashika maji. Kutu itakula kutoka ndani kuja nje. Kazi ya kweli hapo ni kutoboa, kusukuma maji hadi yatoke meupe, kukausha, kumimina oili nzito, kuziba. Ni kazi isiyoonekana kabisa, na ni vigumu kumtoza mtu aliyepoteza nyumba kwa kitu asichokiona.

Vijana waliojifunzia chini ya mti hawana cheti, na VETA ina utaratibu wa kuwapima na kuwarasimisha mafundi wa namna hiyo bila kuwarudisha darasa la kwanza. Nawahimiza waende, si kwa ajili ya karatasi ya kutundika ukutani bali kwa ajili ya jambo moja ambalo mti hauwezi kuwafundisha. Magari mapya yanayoshuka bandarini yana nguzo za chuma kigumu sana, kilichopikwa kwa ufundi maalumu ili kimkinge aliye ndani. Chuma hicho hakitaki moto. Ukikipasha kiwe chekundu ili kinyooke, kitanyooka, na nguvu yake itakuwa imekwisha bila dalili yoyote kwa nje. Ajali ya pili itamkuta abiria hana nguzo. Nguzo ya namna hiyo hukatwa pale mtengenezaji alipoelekeza na kubadilishwa. Barabara ya Katesh, ambayo hukamata puti kwa wiki chache, kosa hili haiwezi kulikamata. Kwa sasa Land Cruiser na Canter nyingi za Gehandu bado zinakubali nyundo na gesi, ila Noah ya miaka ya karibuni ikiingia uani na nguzo iliyopinda, fundi aulize kwanza kabla hajawasha moto.