Sifa za Mzika Vihisi

Barabara ya lami huanza kufa kwa chini. Mpita njia huona nyufa na mashimo, akamlaumu mkandarasi kwa lami nyembamba, kumbe maji yaliingia zamani kupitia bega la barabara, yakalainisha udongo, na tairi za malori zikamalizia. Kwenye udongo mweusi wa mbuga, kama ule wa Shinyanga au wa uwanda wa Athi, balaa huzidi: ukinywa maji huvimba, ukikauka husinyaa na kupasuka, na barabara iliyoukalia hupanda na kushuka nao.

Ndiyo maana wako mafundi wanaozika vihisi vya unyevu chini ya lami. Utepe wa uzinduzi hukatwa na wengine. Mimi nawasifu hawa.

Kihisi kimoja kinachoaminika sana kina vyuma vitatu vyembamba vilivyopangwa sambamba, vya urefu wa sentimita 20 hivi. Hutumiwa mpigo wa umeme, nao ukifika ncha hurudi, kama mtu apigaye ukelele kisimani akasubiri mwangwi. Hewani safari hiyo ya kwenda na kurudi ingechukua nanosekunde 1.3 tu. Udongoni huchelewa, na kinachouchelewesha hasa ni maji: kigezo cha dielektriki cha hewa ni 1, cha udongo mkavu ni 3 hadi 5, cha maji ni karibu 80. Ukichelewa mara nne kuliko hewani, kigezo, ambacho ni mraba wa ucheleweshaji huo, kimefika 16, yaani katika udongo wa kawaida karibu asilimia 29 ya ujazo wote ni maji.

Nadharia ni hiyo tu. Shughuli iko shimoni.

Ili kupima barabara nzima, inabidi uitoboe. Fundi hukata kipande cha lami, huchimba taratibu, na kila tabaka alilotoa huliweka kwenye mfuko wake na kuufunga papo hapo, maana kifusi kilichoachwa juani saa moja si kifusi kile tena. Anapofika kina anachotaka hulaza kihisi, huokota kokoto zilizo karibu na vyuma, kisha hurudisha udongo ule ule kwa mpangilio ule ule, kidogo kidogo, akishindilia kwa mkono mpaka ulingane na ugumu wa ukuta wa shimo. Pengo la hewa, hata dogo, likikaa ubavuni mwa chuma, kihisi kitadai udongo ni mkavu. Na shimo likijazwa kwa pupa hulegea, maji ya jirani hukusanyika humo, na kihisi huripoti kwa uaminifu mkubwa dimbwi alilolichimba fundi mwenyewe. Waya nao hupitishwa kwenye bomba hadi begani, ukiwa umepindwa chini kidogo ili maji yasiufuate mpaka kwenye kihisi. Lebo hufungwa ncha zote mbili. (Waya zisizo na lebo ni ugomvi wa miaka.)

Hapo bado kuna ugezi, yaani kulinganisha usomaji wa kihisi na unyevu halisi, sehemu ambayo wenye haraka huiruka. Mwaka 1980 Topp, Davis na Annan wa Kanada walichapisha mlinganyo unaogeuza kigezo cha dielektriki kuwa kiasi cha maji, na kwa udongo mwingi wa mashamba unafaa sana. Lakini mfinyanzi mzito hushika maji kwa nguvu kwenye chembe zake, na chumvi zake humeza mpigo kabla haujarudi. Kwa hiyo fundi wa maabara huchukua udongo uliotoka shimoni, huuchanganya na maji kwa viwango mbalimbali, huushindilia kwenye silinda kwa msongamano wa barabarani, husoma kihisi, kisha hukata sampuli, huipima uzito, huiingiza kwenye tanuri la nyuzi 105 mpaka uzito usishuke tena. Tanuri hutoa jibu kwa uzito, kihisi kwa ujazo: asilimia 10 kwa uzito, kwenye udongo wenye msongamano mkavu wa tani 1.6 kwa mita ya ujazo, ni asilimia 16 kwa ujazo. Anayechanganya hesabu hizo mbili atakausha barabara nzima kwa kalamu.

Faida ya kazi hii ni kubwa, kwani huonyesha unyevu halisi ulioko chini ya lami. Kwa desturi sampuli hulowekwa siku nne kabla ya kupimwa nguvu ya kubeba mzigo kwa jaribio la CBR, tukihofia mabaya kabisa. Katika kukadiria unyevu huo, Road Note 31, mwongozo wa Uingereza wa barabara za nchi za tropiki, hutenganisha sehemu ambazo maji ya ardhini yako karibu, zile ambazo yako mbali ila mvua huzidi milimita 250 kwa mwaka, na zile kame. Katikati ya barabara iliyozibwa vizuri, unyevu hubadilika kidogo sana mwaka mzima. Vurugu za masika na kiangazi huwa kwenye takribani mita moja kutoka ukingoni, pale hasa magurudumu ya nje yanapokanyaga. Vihisi vilivyopangwa mstari kutoka begani hadi katikati hulionyesha hilo, na ndivyo mhandisi anavyopata hoja ya kuweka lami hadi begani badala ya kuongeza unene kila mahali.

Wewe unayeandaa zabuni ya kazi kama hii, usitenge fedha za vihisi peke yake. Tenga za tanuri na mizani, na za fundi kurudi barabarani masika yajayo.