Kwaya Ndani ya Video

Septemba 2022, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania iliviagiza vyombo vya habari visioneshe video ya wimbo "Mtasubiri" wa Diamond Platnumz na Zuchu. Kilicholalamikiwa ni kipande chenye kwaya kanisani, ambapo ibada inaachwa ili kufuata mapenzi. Waamini wengi tulishukuru. Lakini huku Mbinga na mwambao wa Ziwa Nyasa video ilikuwa imekwisha kutufikia kupitia simu.

Katika kigango chetu ilikutwa kwenye simu ya binti mmoja wa kwaya. Viongozi tulimsimamisha mwezi mzima. Nami niliunyosha mkono kukubali.

Stuart Hall, mtaalamu mzaliwa wa Jamaika aliyefundisha Uingereza, alieleza mwaka 1973 kwamba mtazamaji si debe tupu la kumiminiwa ujumbe. Yuko anayeupokea kama mtengenezaji alivyokusudia, yuko anayekubali sehemu na kukataa sehemu, na yuko anayeupinga kabisa. Kwetu wote watatu walikuwepo. Vijana waliona mapenzi matamu tu. Akina mama walisifu sauti, wakachukizwa na mahali palipochaguliwa. Wazee waliona dharau. Wazee hawakukosea: kwaya na kanisa ni ishara zetu takatifu, na aliyeziazima alizitumia kama pambo la hadithi yake. Tuna haki ya kusema hapana.

Kosa letu lilikuwa jingine. Hatukumwuliza binti yule alichokiona. Tulidhani kuitazama ni kuikubali.

Marshall McLuhan wa Kanada, aliyeingia Kanisa Katoliki mwaka 1937, anatupeleka mbali zaidi. Alifundisha kwamba chombo chenyewe ndicho ujumbe: hutubadilisha kabla hata hatujapima kinachosemwa ndani yake. Kwa jicho hilo, video ya Diamond na video zetu za kwaya zinakaribiana kuliko tunavyopenda. Nasi hushona sare mpya, tukateremka ufukweni, tukapangwa mbele ya mitumbwi huku wenzetu wakianika usipa pembeni. Maneno ni ya Mungu. Lakini kamera huuliza swali lilelile kwa wote: unapendeza?

Nililielewa hilo Dominika moja baada ya Komunyo. Kijana aliyekuwa akiturekodi aliinua mkono. Kwaya nzima, nami mwalimu wao nikiwa mbele, tuligeuza nyuso kutoka altare tukaitazama simu. Hakuna aliyetoka mlangoni, lakini ibada tulikuwa tumeiacha. Kile tulichokilaumu kwenye video tulikuwa tumekitenda sisi, tena tukiwa na sare na vitabu vya nyimbo mikononi.

Sisemi tuache kurekodi. Nyimbo zetu huwafikia wagonjwa na ndugu walio mbali. Nasema turekodi siku nyingine, na wakati wa Misa simu zilale. Na kijana akikutwa na video tusiyoipenda, tukae naye tuitazame pamoja, tumwulize: Nani ametengeneza? Anataka nini kwako? Wewe umeona nini?

Binti yule alirudi baada ya mwezi wake. Nilimwomba radhi mbele ya wenzake. Alinijibu, "Mwalimu, mimi nilikichukia kile kipande cha kanisani. Ila hamkuniuliza."