Uhakiki wa Maneno ya Simu: Fani, Maudhui na Fedha ya Mwananchi

Kazi ya uhakiki, kama inavyofundishwa katika shule zetu za sekondari, ni kuichambua kazi ya sanaa ili kupambanua fani yake na maudhui yake, na kisha kuipima thamani yake kwa jamii. Mwanafunzi huulizwa: nani anasema, anamwambia nani, kwa lugha gani, na kwa shabaha gani? Maswali haya ni mema, na kwa muda mrefu yamewasaidia vijana wetu kuzielewa riwaya, tamthiliya na mashairi. Lakini mwanafunzi huyo huyo atokapo darasani, maandishi anayoyasoma kwa wingi kuliko riwaya yoyote ni yale yanayomjia katika kioo cha simu: tangazo la kifurushi, sifa za simu mpya, ushauri wa mtu asiyemjua, ujumbe unaomtaka atume fedha. Maandishi haya yanaaminiwa au yanapuuzwa, na habari inakwisha hapo. Ni nadra mtu kuyahakiki. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba zana zile zile za uhakiki zafaa kutumika huku pia, na kwamba tukiziacha darasani tunamwacha mwananchi bila ngao mahali anapoihitaji zaidi.

Tuanze na maandishi mafupi kabisa, yaani ule ujumbe maarufu wa "ile hela". Watu wengi wenye simu katika Tanzania wamekwisha kuupokea: mtu asiyejulikana anaandika kwamba ile hela itumwe kwenye namba hii, kisha anataja jina litakalotokea. Ujumbe hauna salamu, hauna jina la mwandishi, wala hautaji kiasi. Msomaji wa juu juu atasema kuwa haya ni maandishi ya mtu asiyejua kuandika barua. Kwa kweli ni kazi ya fundi, na sehemu kubwa ya ufundi wake imo katika neno moja, "ile". Katika sarufi ya Kiswahili kionyeshi hiki hutumika kwa kitu kilicho mbali na wasemaji, au kwa jambo ambalo msemaji na msikilizaji wanalijua tayari. Anayesema "ile hela" hatoi habari mpya. Anadai kwamba mazungumzo yalikwisha kuanza, na kwamba wewe ndiye uliyesahau. Kukosekana kwa salamu kunaikamilisha hila hiyo, kwa kuwa watu walioagana punde hawana haja ya kusalimiana upya. Kutotajwa kwa kiasi nako kunamwachia msomaji ajazie mwenyewe lile deni alilo nalo moyoni.

Hapa ndipo tunapotofautiana na wale wanaosema kwamba kila anayetapeliwa ameponzwa na tamaa yake. Tamaa imo katika ujumbe wa aina nyingine, kama ule unaoahidi zawadi ya bahati nasibu ambayo mtu hakuicheza. Ujumbe wa "ile hela" humnasa mpangaji aliyemwahidi mwenye nyumba kwamba atalipa leo, au mchuuzi anayedaiwa mali kauli na mwenye duka la jumla. Yaani humnasa mtu mwaminifu katika saa ya uaminifu wake. Ukipelekwa kwa watu maelfu, hautakosa kuwafikia wachache ambao siku hiyo hiyo walikuwa wanadaiwa kweli. Hali kadhalika simu inayompata mzazi na kumwambia kwamba mwanawe ameanguka shuleni na fedha za matibabu zatakiwa upesi: kinachoshambuliwa hapo ni upendo wa mzazi. Kuwaita watu hawa wapumbavu ni kushindwa kuyasoma maneno yenyewe.

Ikiwa ndivyo, basi lile onyo la kila siku la "kuwa makini" halitoshi. Mtu hawezi kuambiwa awe makini bila kuambiwa atende nini. Linalofaa ni tendo lililo wazi. Mwenye deni ampigie anayemdai kwa namba aliyokuwa nayo tangu zamani, si ile iliyoletwa na ujumbe, akaisikie sauti yake. Mzazi ampigie mwalimu anayemfahamu. Namba ya siri ya akaunti ya fedha asipewe mtu yeyote, hata ajitambulishe kuwa mtumishi wa kampuni. Na namba ya tapeli ipelekwe kwa ujumbe kwenye 15040, ambayo Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania imeitenga kwa kazi hiyo. Usajili wa laini kwa alama za vidole, ulioanza mwaka 2019, haukuukomesha utapeli huu. Kwa hiyo bado msomaji mwenyewe ndiye mlinzi wa mwisho.

Tukiacha utapeli na kuingia katika biashara halali, tunakuta fani nyingine. Karibu kila tangazo la huduma za simu hufungwa kwa maneno "vigezo na masharti kuzingatiwa", yakisemwa kwa kasi au yakiandikwa kwa herufi ndogo. Mwanafunzi wa sarufi na aitazame sentensi hii. Kitenzi chake kimo katika kauli ya kutendwa, hakina nafsi wala hakina wakati. Nani atazingatia? Vigezo gani, na vimewekwa wapi? Sentensi ina sura ya onyo lakini haimwonyi mtu jambo lolote. Kazi yake ni kumwezesha mtangazaji aseme kesho kwamba alikwisha kusema. Mbaya zaidi, mara nyingi tangazo huja kwa Kiswahili kizuri chenye mizaha na nyimbo, lakini mkataba wenyewe umeandikwa kwa Kiingereza cha wanasheria, kurasa nyingi, na chini yake pana kitufe kimoja cha kukubali. Lugha ya taifa inatumika kumwalika mwananchi, na lugha ya kigeni inatumika kumfunga. Hili ni suala la utamaduni kama lilivyo suala la biashara, na wapenzi wa Kiswahili hawana budi kulisemea.

Maneno ya tangazo yakikosa uwazi, hesabu inaweza kuurudisha. Tuchukue mfano wa kubuni. Kifurushi cha kwanza ni cha shilingi 1,000, chenye MB 1,000, nacho hudumu saa 24. Cha pili ni cha shilingi 2,000, chenye MB 1,200, nacho hudumu siku 7. Kwa kugawanya tu, kila MB ya kwanza ni shilingi 1, na ya pili ni karibu shilingi 1.67, tangazo litasema kwa haki kwamba cha kwanza ni rahisi. Lakini mwanafunzi anayetumia MB 150 kwa siku atatumia MB 1,050 kwa juma. Akinunua cha kwanza kila siku atalipa shilingi 7,000, na MB 850 zitapotea kila usiku. Akinunua cha pili atalipa shilingi 2,000 na kubakiwa na akiba. Bei ya kweli ni fedha ikigawanywa kwa kile unachokitumia, na kile ambacho hukukitumia usikihesabu kuwa ni faida.

Kuhusu vifaa vipya, wahenga walikwisha kusema kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii haisemi kwamba kila kinachotangazwa ni kibaya. Inatutaka tuulize kwa nini kinatembezwa kwa nguvu kiasi hicho. Mwezi Juni 2016 Tanzania ilizizima simu bandia katika mitandao yake, kama Kenya ilivyofanya mwaka 2012. Watu wengi walijikuta wameshika vipande vya plastiki ambavyo walivilipia fedha halali. Tangu hapo kuna kipimo ambacho hakihitaji ufundi: mnunuzi abonyeze *#06#, kioo kitaonyesha namba ya utambulisho yenye tarakimu 15, naye ailinganishe na ile iliyochapwa juu ya boksi. Zikitofautiana, asinunue. Zikilingana, bado aombe risiti na dhamana ya maandishi, kwa kuwa namba nayo yaweza kughushiwa.

Hata kifaa halali kina lugha yake ya kujisifu, nayo ni lugha ya tarakimu. Simu inayoitwa ya GB 64 haimpi mwenyewe GB 64, kwa sababu programu zinazoiendesha zimekwisha kuchukua sehemu. Wingi wa megapikseli peke yake hauifanyi picha kuwa nzuri. Lenzi na ukubwa wa kihisio kinachopokea mwanga vina uzito mkubwa. Pawa benki iliyoandikwa mAh 10,000 haiwezi kuijaza mara mbili kamili simu yenye betri ya mAh 5,000. Betri za ndani yake hupimwa kwa volti 3.7, nayo hutoa umeme kwa volti 5, hivyo kinachotoka hakiwezi kuzidi mAh 7,400, na sehemu ya hizo hupotea kwa joto. Tarakimu ya tangazo si uongo, lakini imechaguliwa kwa makusudi kati ya tarakimu kadhaa za kweli. Mhakiki mzuri huuliza pia ni tarakimu ipi iliyoachwa: kwa mfano, mtengenezaji ataendelea kuipelekea simu hii marekebisho ya usalama kwa miaka mingapi?

Sasa tuje kwenye mashauri. Jamii zetu zimelelewa kumsikiliza aliyetangulia. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Lakini mkuu wa methali hii alikuwa mtu wa kujulikana. Alikaa kijijini, na ushauri wake ukiharibika alikutana na matokeo yake kila asubuhi. Mshauri wa mtandaoni hukalia kiti hicho cha mkuu bila kulipa kodi yake. Ufananisho ulio karibu naye zaidi ni mpiga debe wa kituo cha basi. Huyu husifu basi kwa sauti kubwa, na abiria hawamlaumu, maana wote wanajua kwamba analipwa na basi wala halipwi na msafiri. Anayesifu simu, dawa au njia ya kupata fedha kwa malipo ya siri ni mpiga debe aliyelificha debe lake. Ugonjwa huu si wa kwetu peke yetu: Agosti 2024 Tume ya Shirikisho ya Biashara ya Marekani ilipitisha kanuni ya kupiga marufuku sifa za uongo na sifa zilizonunuliwa kuhusu bidhaa. Kwa hiyo nyota tano zisitutishe. Tumtafute msemaji anayetaja kasoro pamoja na uzuri, aliyekitumia kitu kwa miezi, si kwa siku moja, na anayesema wazi ni nani aliyempa kitu hicho. Katika habari za afya, ushauri wa mtandaoni na uwe sababu ya kwenda kumwuliza mganga wa zahanati, usiwe badala yake.

Mfano ulio mchungu kuliko yote ni programu za mikopo ya simu. Mikopo ya namna hii wananchi wenyewe wameipa jina la "kausha damu", na jina hilo lina uhakiki mwingi kuliko kurasa zote za masharti. Tangazo husema kwamba mkopo hauna dhamana. Lakini baadhi ya programu hizo, kabla ya kutoa shilingi moja, huomba ruhusa ya kuisoma orodha ya majina na namba zilizomo katika simu. Hapo dhamana imekwisha kutolewa, nayo ni jamaa za mkopaji. Akichelewa kulipa, mama mkwe wake, mwajiri wake na jirani zake hupata ujumbe wa kumwaibisha. Kwa mtu wa jamii yetu, ambaye heshima yake imo mikononi mwa watu wake, hii ni riba isiyoandikwa popote. Kenya ilitunga sheria mwaka 2021 ya kuwaweka wakopeshaji hao chini ya Benki Kuu. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza kuzifungia programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Sheria ni jambo la kushukuru. Hata hivyo haitambonyezea mtu kitufe cha kukataa.

Isidhaniwe kwamba tunahubiri kukataa kila kipya. Huduma ya fedha kwa simu, iliyoanza Kenya mwaka 2007 na kufika Tanzania mwaka 2008, imemwezesha mkulima aliye mbali na benki kupokea malipo yake bila kusafiri kutwa nzima. Asiyemwamini mtu yeyote hawezi kufanya biashara wala kujenga taifa. Na hii ndiyo hasara kubwa ya utapeli: shilingi zaweza kurudi, lakini mwenye kudaiwa kweli anapoogopa kujibu ujumbe wa kweli, neno lenyewe limepoteza thamani kati ya watu. Uhakiki humsaidia msomaji ajue amwamini nani na kwa kiasi gani, ili imani yake iwafikie wanaoistahili.

Kwa hiyo walimu wa Kiswahili, wa uraia na wa hesabu wanaweza kuanza kesho, bila kusubiri kitabu kipya. Mwalimu na alete darasani tangazo moja na ujumbe mmoja, aufiche utambulisho wa aliyeupokea, kisha awaulize wanafunzi: nani amenena? Analipwa na nani? Ni neno gani linalobeba hila? Ni jambo gani limeachwa? Nikikubali, natoa nini, na naweza kukirudisha? Kijana aliyeyazoea maswali haya atakwenda nayo nyumbani, na huko bibi yake atampa simu amsomee ujumbe uliomfikia jioni. Akili za kuambiwa, walisema wahenga, changanya na zako. Na kazi ya shule ni kuhakikisha kwamba mchanganyaji anazo za kwake.