Mafundi wa Peugeot 504

Pikapu ya Peugeot 504 ilitoka mwaka 1979, na viwanda viliacha kuiunda zamani. Mafundi wa Grogan, Nairobi, hawajaiacha.

Uzuri wake uko ndani: slivu za silinda huchomoleka, kwa hiyo injini iliyochakaa hufufuliwa bila kutupa bloku. Udhaifu wake ni silinda hedi ya alumini, ambayo hupinda injini ikichemka. Fundi huifungua, huipeleka kusawazishwa, huweka gasketi mpya, kisha hukaza bolti kwa mfuatano, kutoka katikati kwenda pembeni. Akiruka hatua, maji huingia kwenye oili na kazi huanza upya.

Spea ikikosekana? Hung'olewa kwenye gari lililokufa, au bushi hukerezwa upya.

Mwenye gari huomba apunguziwe (lazima!), halafu alfajiri anapakia kabichi mpaka springi zinanyooka.