Daftari Likifungwa

Kabla neno chuo halijawa jina la mahali penye wahadhiri na shahada, watu wa Pwani walilitumia kwa maana ya kitabu, na pia mahali mtoto anapopelekwa kusoma Kurani. Huko mwanafunzi hupimwa msahafu ukiwa umefungwa: hukaa mbele ya mwalimu, akasoma kwa ghibu, na akikwama anarudishwa. Stadi hiyo ya kufunga kitabu ndiyo ninayoisifu, na naamini kijana wa kidato cha sita anaihitaji kuliko nyingine zote kabla hajakanyaga chuo kikuu.

Wengi hupitia notisi mara ya tatu, ya nne, wakizipigia mistari ya rangi, mpaka ukurasa unazoeleka kama uso wa jirani. Kuuzoea ukurasa hakutoshi. Mwaka 2006 watafiti wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, walichapisha jaribio ambalo wanafunzi walisoma kifungu, kisha wengine wakakisoma tena na wengine wakaandika walichokumbuka bila kukitazama. Baada ya dakika 5, waliorudia kusoma waliongoza kwa asilimia 81 dhidi ya 75. Baada ya wiki moja, waliojipima walikumbuka asilimia 56, wenzao 42. Na mtihani wa chuo hauji dakika tano baada ya kusoma.

Zana ya kujipima hivyo ni rula na kalamu. Walter Pauk wa Chuo Kikuu cha Cornell alifundisha kupiga mstari wima kwenye ukurasa: notisi kulia, maswali kushoto. Uzuri wote umo katika swali. Kwenye somo la osmosisi, “osmosisi ni nini?” ni swali la mvivu, afadhali “kwa nini papa akitiwa chumvi haozi upesi?” Kiganja kinafunika upande wa kulia, mdomo unajibu, tena kwa Kiswahili hata kama notisi ni za Kiingereza: chumvi huvuta maji kutoka kwenye nyama, na kutoka kwenye bakteria pia, nao hawawezi kuzaliana. Aliyesahau bakteria ameshajua pa kurudia.

Wapo watakaosema kujipima huku ni kukariri kwa jina jingine. Lakini anayekariri hukwama ukimbadilishia swali, na anayejipima hivi ameyatunga maswali mwenyewe, akayajibu kwa lugha yake. Watasema pia silabasi ni ndefu, na mitihani iliyopita ndiyo inayofaulisha. Kweli inafaa sana, mradi ijibiwe kabla ya kuchungulia majibu. Huko nako ni kufunga daftari. Na kuhusu urefu wa silabasi, kinachokula muda hasa ni kusoma jambo lile lile mara tano. Chuoni mhadhiri huzungumza saa nzima akaondoka, wala hakuna wa kukuandikia ubaoni cha kunakili. Basi leo jioni, ukimaliza ukurasa wa mwisho, lifunge daftari, chukua karatasi tupu, uandike ulichobaki nacho.