Mashujaa wasiopenywa na risasi, na mpelelezi wa kuchekesha

Wafrateri kadhaa waliorudi kutoka likizo wametuuliza swali hili: vitabu vya mapicha vya mashujaa wenye nguvu za ajabu, na michezo ya kuchekesha ya wapelelezi, ambavyo siku hizi vinapita kutoka telefone moja hata nyingine, tuviruhusu kwa vijana wa parokia ao tuvikataze? Kujibu kwa neno moja ni vyepesi, lakini hakumsaidii mtu. Basi tumesoma, tumetazama, na hapa tunatoa maoni yetu juu ya vitu viwili: Black Panther, vitabu na sinema, na michezo ya televizioni inayoitwa kwa Kifransa Max la Menace.

Tuanze na shujaa. Black Panther alitokea mara ya kwanza Marekani mwaka 1966, kwa kazi ya Stan Lee na Jack Kirby. Jina lake ni T'Challa, mfalme wa Wakanda, inchi ya Afrika isiyoonekana kwenye karte yoyote, yenye madini ya samani kubwa yaitwayo vibranium. Mwaka 2016 mwandishi Ta-Nehisi Coates na mchoraji Brian Stelfreeze walianza mfululizo mpya wa vitabu vyake, na mwaka 2018 Ryan Coogler alitoa sinema.

Sherti tuseme kwanza uzuri wake. Wazee wetu walichorwa katika Tintin au Congo, kitabu kilichotoka mwaka 1931, wakisema Kifransa kilichovunjika na kufanya mambo ya kitoto. Huku, kinyume chake, mfalme mweusi anatawala kwa akili, na dada yake Shuri ndiye fundi wa mashini zote. Mtoto wa Wamaza akitazama hayo anainua kichwa, na hiyo si kitu kidogo. Tena madini ya Wakanda hayatoki kwa magunia kwenda kutajirisha wengine; yanajenga mji na kufundisha watoto. Sisi tunaokaa karibu na zahabu ya Namoya na Salamabila tunajua sababu gani ndoto hiyo ni tamu.

Sasa tuseme yanayotusumbua. Jioni moja tulionyesha sinema hiyo kwa vijana hapa Wamaza, mashini ya umeme ikinguruma nje. Ilipokwisha, kijana wa miaka kama 12 alisimama na kuuliza: «Baba Padri, nguo ile inapatikana wapi?» Alitaka kusema nguo nyeusi ya mfalme, inayopokea risasi zote na mwenye kuivaa hapati hata alama. Wenzake walicheka. Sisi hatukucheka.

Kule Chicago mtoto akiuliza hivyo, mama yake anamnunulia nguo ya mchezo sokoni, anaivaa siku mbili, inapasuka, habari imekwisha. Kwetu swali hilo lina historia. Mwaka 1964, vita vya Simba vilipopita Kasongo na Kabambare, vijana waliogeshwa maji ya dawa, wakaambiwa kwamba risasi zitageuka maji. Walikwenda mbele wakipaza sauti «Mai Mulele». Na katika miaka hii ya nyuma, upande wa Salamabila, tumeona tena watoto wenye hirizi shingoni na bunduki mikononi. Dawa hiyo ina masharti mengi: usiguse kile, usile hiki, usitazame nyuma. Basi kijana akianguka, wanasema alivunja sharti. Kwa namna hiyo dawa haikosi kamwe. Kosa ni la marehemu siku zote.

Hivi, picha inayosema kwamba mwili wa mtu mwema haupenywi na risasi inapata kwetu msikilizaji ambaye mwandishi wa Marekani hakumfikiri. Hatumlaumu. Yeye anafuata desturi ya kazi yake. Shujaa wa vitabu hivi hawezi kufa na kubaki amekufa, kwa sababu kitabu cha mwezi ujao sherti kiuzwe. Superman, aliyezaliwa mwaka 1938, aliuawa mwaka 1992, na mwaka 1993 alikuwa amekwisha kurudi. Msomaji wa kule anajua desturi hiyo. Msomaji wetu sherti aelezwe.

Je, tukataze? Sivyo tunavyofikiri, na sababu yenyewe imo ndani ya kazi hizi. Tazameni sinema kwa uangalifu. Mbele ya kupigania ufalme kule kwenye maporomoko ya maji, mfalme ananyweshwa dawa ya kumwondolea nguvu zote, anabaki mtu kama wengine, anatoka damu kama wengine. Na mwishoni, anapopigana na Killmonger ndani ya machimbo, gari-moshi lipitalo pale linazima nguvu ya nguo zao zote mbili. Hapo ndipo shauri linapokatwa, kati ya mwili na mwili. Wenye kutengeneza sinema wenyewe walijua kwamba ushujaa wa mtu asiyeweza kuumia hauna samani.

Kuna na sehemu nyingine, fupi, ambayo wengi wanaipita. Katika pori la Sambisa mfalme anataka kumpiga mmoja wa wale wenye bunduki. Nakia anamzuia, akimwonyesha kwamba huyo ni mtoto tu, naye aliibwa. Ni neno la nukta chache, lakini kwa watu wa Kabambare linapita mapigano yote yanayofuata. Mwenye kuonyesha sinema asimamishe pale.

Vitabu vya Coates vina nguvu zaidi, lakini vina uzito pia. Vinaanza kwenye machimbo, wachimbaji wakimwasi mfalme wao. Kisha askari wanawake wanamwacha, kwa sababu wasichana waliteswa na mkubwa mmoja na mfalme hakuwalinda. Swali si tena nani ana nguvu kupita wote, ila ni nani aliyempa mfalme haki ya kutawala. Na mwishoni mfalme anakubali kugawana utawala na watu wake. Fikara hiyo ni nzuri. Kasoro yake ni maneno mengi na majina mengi. Mwanzishi anapotea njiani. Tunavipendekeza kwa wafrateri wa filozofia, si kwa watoto wa katekismu.

Tuje kwa Max. Mchezo huo, ulioanzishwa na Mel Brooks na Buck Henry, ulionyeshwa Marekani toka mwaka 1965 hata 1970, mara 138. Maxwell Smart ni mpelelezi wa serikali mwenye majivuno makubwa na akili haba. Telefone yake imo ndani ya kiatu. Kila siri inamponyoka, kila mashini inamgeukia, na asingekuwa na mwenzake, yule binti aitwaye 99, angekufa siku ya kwanza. Naye hajui hata kidogo kwamba anakosea.

Zamani tungeuita upuuzi. Leo tunautetea. Tumezungukwa na watu wanaojifanya wakubwa kwa sababu wana bunduki na siri. Kijana aliyekwisha kujifunza kumcheka mtu wa namna hiyo hatamfuata porini kwa upesi. Kicheko hicho si kigeni kwetu pia: kule Kasai, miaka ya 1950, Padri Albert Van Haelst alitengeneza sinema za Matamata na Pilipili, na watu walicheka ujinga wa wawili hao, wakijitambua wenyewe.

Kosa moja hatuwezi kulinyamazia. Max ana adui aitwaye The Claw, mtu wa Asia, na watazamaji wanachekeshwa kwa namna anavyotamka maneno. Kumcheka mwenye majivuno ni dawa. Kumcheka mgeni kwa ajili ya ulimi wake ni zarau. Sisi tuliochorwa katika Tintin tungepashwa kuwa wa kwanza kuona tofauti hiyo.

Basi maoni yetu ni haya. Vyote viwili vionyeshwe, lakini pasipo kumwacha mtoto peke yake na picha. Katekista ao frateri akae pamoja nao, na kisha aulize maswali matatu: Nani aliumia? Nani alilipa? Kwetu ingekuwaje?

Yule kijana wa miaka 12 tulimjibu kwamba nguo ile haipatikani popote, na kwamba hata aliyeivaa katika sinema ni mchezaji, na risasi zile hazikuwa risasi. Alinyamaza muda kidogo, kisha akasema kwamba kaka yake aliambiwa vingine. Msomaji mwenye kujua jibu lililo bora kuliko letu atuandikie.