Heko wachonga kete wa Mwenge

Seti ya sataranji ina kete 32. Moja ikipasuka, seti nzima haiuziki. Ndiyo maana nawapa heko wachongaji wa Mwenge, Kinondoni, waliorithi ufundi wa Kimakonde. Mpingo wanaouchonga hukua polepole mno, na kinachotafutwa ni kile kiini cheusi tu, kwa hiyo vipande vinavyobaki kwenye kinyago kikubwa havitupwi: vinageuka kete za askari. Tezo, patasi, tupa, halafu msasa mpaka shingo nyembamba ing'ae. Askari 8 wa kila upande walingane, kipimo ni jicho! Wanunuzi ni wachache, wengi watalii. Hela ya mti inatoka leo, mauzo yanasubiri msimu. Ukifika Mwenge, tafadhali, usimkandamize fundi kwa bei.